Sheria za maktaba ziandikwe, zibandikwe mlangoni

Hebu fikiria umetoka Nyalenda kwa mguu, jua la Kisumu linakuchoma, umebeba noti zako na laptopu ya kuazima. Kufika mlangoni mwa maktaba ya umma, soja anakwambia laptopu haziingii. Jana ziliingia. Leo zamu ni yake, basi.

Utamlilia nani? Amri isiyoandikwa popote huwezi kuikatia rufaa.

Najua, neno "sera" linakufanya upige miayo. Lakini sera ndiyo inayosema kama unaweza kuchomeka chaja, kitabu ulichoazima kikipotea utalipa ngapi, na nani anaamua ni vitabu gani vinunuliwe. Hata soja ingemsaidia, asionekane mbaya bure. Halafu kuna vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Pasipo mwongozo, kila katoni hupokelewa, rafu zinajaa hadithi za theluji, nawe ukitaka Miaha, riwaya ya Grace Ogot ya Kidholuo iliyotoka 1983, huioni.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, na Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti lishirikishe umma. Umma ni wewe pia, wa Kondele, wa Manyatta, wa Dunga. Ukienda kusoma wiki hii, omba kuonyeshwa kanuni kwa maandishi. Ukiambiwa ziko kichwani mwa mkubwa fulani, mwandikie diwani wako. Anza na hiyo ya laptopu.