Kiti Hurithiwa, Uaminifu Haurithiwi

Mzee mmoja wa Mpanda mjini ana duka, na nguvu zimeanza kumwishia. Mwanawe wa kwanza anadai kiti cha baba kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na tena mwanamume. Lakini anayeandika daftari la mapato na matumizi, tangu alipokuwa shuleni, ni binti wa pili. Mzee anauliza: amkabidhi nani ufunguo wa kasha?

Kabla ya kumjibu, na tutazame maisha ya mtu aliyerithi jina, cheo na hata kazi ya fedha.

George Rowland Stanley Baring alizaliwa Uingereza mwaka 1918, katika ukoo wa makabaila wenye benki. Benki yao, Baring Brothers, ilianzishwa London mwaka 1762. Babu yake ndiye aliyeitawala Misri kwa niaba ya Waingereza, akatunukiwa cheo cha Earl wa Cromer. Baba alipofariki mwaka 1953, mwana akawa Earl wa tatu, mwenye kiti katika Baraza la Malodi pasipo kupigiwa kura hata moja. Cheo hicho huwaendea wanaume tu. Binti, awe hodari namna gani, hakipati.

Hata hivyo Lord Cromer hakuwa mvivu. Aliingia benki ya ukoo mwaka 1938, akapigana vitani, akarudi na kuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, akawa Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza akiwa na umri wa miaka 42.

Jambo hilo halikuwa mbali na Mpanda kama linavyoonekana. Shilingi aliyolipwa mfanyakazi wa reli ya Kaliua hadi Mpanda siku hizo ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na thamani yake ilifungamana na pauni. Pauni ilipotikisika Novemba 1964, ni Cromer aliyekusanya kwa haraka mkopo wa dola milioni 3,000 kutoka nchi za nje ili kuiokoa.

Muda wake ulikwisha Juni 1966. Mwezi huo huo, tarehe 14, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na Gavana wake wa kwanza akawa Edwin Mtei, aliyelelewa na mama yake huko Marangu na kuchunga mbuzi utotoni. Jina lenyewe la kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2009, lataja uchungaji huo. Kazi ni moja, mwaka ni mmoja: mmoja aliijia kwa njia ya ukoo, mwingine kwa njia ya shule.

Je, jina kubwa lililinda mali? La hasha. Mwaka 1890 Baring Brothers ilikaribia kuanguka, ikaokolewa na Benki Kuu. Mwaka 1995, miaka minne baada ya kifo cha Cromer, ilianguka kabisa. Mfanyakazi mmoja wa Singapore alipoteza zaidi ya pauni milioni 800, na akaweza kuficha hasara hiyo kwa sababu aliachiwa afanye biashara na pia asimamie hesabu zake mwenyewe. Benki ya miaka 233 ikauzwa kwa pauni moja.

Basi, mzee wangu, jibu ni hili. Urithi ni haki ya watoto wote, na usimnyime mkubwa fungu lake. Lakini uongozi wa duka si fungu la urithi, ni amana. Ufunguo mpe binti, kwa maana amekwisha kuonyesha kwamba hesabu zake hazipindi. Naye asijikague mwenyewe: kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe mbele ya wote, kakaye akiwapo.

Na huyo kaka aanzie kaunta, apime sukari na kuhesabu chenji, ajifunze. Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Hawakusema akae tu kwenye kiti cha baba.

Tukutane Jumapili ijayo.