Picha Iliyoharibika na Mali Iliyorudishwa

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kupiga picha ni kufumba jicho moja na kubonyeza kitufe tu. Lakini aliyejifunza kazi hiyo kwa filamu ajua kwamba mambo si mepesi hivyo. Mwanafunzi hupiga picha kumi. Akizisafisha, moja ina kiza, ya pili imezidi mwanga, ya tatu imemkata bwana arusi kichwa. Filamu imekwisha, fedha zimekwenda, na picha haimbembelezi aliyeipiga. Hapo mwenye busara huchukua daftari akaandika mwanga ulivyokuwa na kiasi cha dawa alichotumia. Na mara ya pili hubadili jambo moja tu, apate kujua kosa lilikuwa wapi.

Tabia hiyo ni mtaji mkubwa katika biashara. Habari za George Eastman wa Marekani zaonyesha jambo hilo waziwazi.

Eastman alizaliwa mwaka 1854. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, naye akaacha shule mapema, akawa tarishi katika ofisi ya bima kwa mshahara wa dola 3 kwa juma. Baadaye alipata ukarani katika benki mjini Rochester. Mwaka 1877 alinunua kamera na vyombo vyake, akalipa ada ili afundishwe kuvitumia. Siku zile mpiga picha hakuwa na budi kuchukua hema, machupa na vioo, mzigo wa kumtosha punda. Maana kioo kilipakwa dawa papo hapo, na picha ilipasa kupigwa na kusafishwa kabla dawa haijakauka.

Eastman alisoma katika magazeti ya Uingereza habari za sahani kavu za kioo, zilizopakwa dawa iliyochanganywa na jelatini, ambazo zaliweza kuwekwa tayari hata siku ya kutumiwa. Basi mchana alikuwa benki, na usiku alikuwa jikoni kwa mama yake, akipika dawa na kuzijaribu. Mwaka 1880 alikodi ghorofa akaanza kutengeneza sahani za kuuza, na mwaka uliofuata akashirikiana na Henry Strong, mtengenezaji wa mijeledi. Hata hivyo hakuacha kazi ya benki mpaka Septemba 1881, biashara ilipokuwa imesimama. Wako wengi ambao hupata faida ya mwezi mmoja wakaandika barua ya kuacha kazi. Mwezi wa pili huonekana wakitafuta mkopo wa kulipa kodi ya nyumba.

Mwaka 1882 jaribu kubwa lilimfikia. Wenye maduka walilalamika kwamba sahani zake hazitoi picha. Eastman angaliweza kuwajibu kwa maneno yale yanayobandikwa ukutani katika maduka mengi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Hakufanya hivyo. Alizipokea sahani mbovu, akatoa nzuri badala yake, na hasara hiyo ilikaribia kumaliza fedha zote za kampuni. Kisha alisimamisha kazi, akajaribu jambo moja baada ya jingine, akasafiri mpaka Uingereza kwa mafundi waliomtangulia. Mwisho ilionekana kwamba kosa halikuwa katika mikono yake wala mitambo yake. Jelatini mpya aliyoletewa haikuwa sawa na ile ya kwanza. Tangu hapo alijifunza kupima kila mali inayoingia kabla ya kuitumia.

Mwoka mikate na atafakari jambo hilo. Mikate isipoumuka, asimfukuze mtumishi, akabadili unga, hamira na tanuri siku moja. Maana hata mikate ikipona, hatajua ilikuwa na ugonjwa gani. Na mteja aliyeuziwa mkate mbovu apewe mzuri, bila maneno mengi. Mteja aliyeudhika aghalabu hagombani. Huhamia duka la pili kimya kimya, wala mwenye duka hana habari.

Wenye maduka hawakumwacha Eastman. Mwaka 1888, akikumbuka taabu ya hema na machupa, alitoa kamera ya Kodak yenye filamu ya picha 100, kwa dola 25. Mwenye kamera alipomaliza filamu aliirudisha kiwandani pamoja na dola 10; akapata picha zake, na kamera ikiwa na filamu mpya. Mwaka 1926 Eastman mwenyewe alifika Kenya kwa safari ya kuwinda na kupiga picha.

Eastman alikufa mwaka 1932, na habari za kampuni yake baada yake nazo zina fundisho. Mwaka 1975 mhandisi wake mmoja, Steve Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Lakini filamu ndiyo iliyoleta faida, na wakubwa waliendelea kuitegemea mno. Januari 2012 kampuni ililazimika kuomba mahakama iikinge na wadai wake. Waliorithi kazi ya yule karani walikuwa na kila kitu, ila ile tabia ya jikoni ya kujaribu jambo jipya kabla ya kulazimishwa.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfanya biashara akiona mali yake imeanza kujitembeza, asingoje mteja amwambie. Afungue daftari lake, atafute kosa.