Oktoba Ikiisha, Senge Bado Anaumia

Kila Oktoba Kitale inageuka waridi. Tisheti, utepe, matembezi ya asubuhi, picha kwa status, halafu hotuba: jipime mapema, usiogope hospitali. Sawa, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kuhusu kinachofuata, wakati yule mama ameshapimwa, amekatwa titi, amemaliza kemo, ameenda Eldoret kwa mionzi, na sasa amerudi kwake, kwa kitanda chake, kwa mume wake. Hapo hotuba huisha ghafla.

Senge yangu anaishi Bungoma. Kwa wasiojua, senge ni shangazi, na kwetu Wabukusu ndiye humketisha msichana na kumwambia mambo ya chumbani ambayo mama mzazi hawezi kutamka. Mwaka jana nilipanda matatu Kitale, tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, nikafika kwake saa ya chai. Tulipobaki wawili jikoni akaniuliza, macho yakiwa kwa kunde alizokuwa akichambua:

"Mwanangu, wewe husoma sana kwa simu. Mtu akiwa anaumia kule chini baada ya dawa za kansa, kuna kitu husaidia?"

Yaani dunia imepinduka. Senge anamuuliza mtoto.

Alisema ni kama wembe. Miaka miwili. Alijaribu Vaseline, akajaribu mafuta ya kupikia. Mume hakumtukana wala kumpiga; alianza tu kulala kwa kochi, eti mgongo. Siku moja alijikaza akamuuliza daktari kliniki, akajibiwa, "Mama, shukuru Mungu uko hai." Mwanafunzi aliyesimama kando akacheka.

Hiyo sentensi naichukia. Inasikika kama maombi lakini ni mlango unaofungwa usoni mwa mtu. Nani alisema aliyepona kansa amelipa deni kwa mwili wake na hana ruhusa ya kudai kitu kingine?

Mimi si daktari, hata chuo sikumaliza, lakini hii si siri ya wataalamu. Saratani nyingi za matiti hulishwa na homoni ya estrojeni. Kemo inaweza kuzima ovari kabla ya wakati, na vidonge kama anastrozoli na letrozoli, vinavyomezwa miaka mitano au zaidi, huishusha homoni hiyo hadi ikaribie kuisha mwilini. Homoni hiyohiyo ndiyo huufanya uke uwe laini na wenye unyevu. Ikiisha, ngozi inakuwa nyembamba, inakauka, inachanika. Haijalishi anampenda mume wake vipi. Ni athari ya dawa, kama nywele kunyonyoka, tofauti ni kwamba upara tunauona.

Na kabla mtu hajaniambia hizi ni anasa: senge alikuwa ameacha kumeza vidonge kwa miezi minne. "Nikiacha, kunapoa kidogo," alisema. Vidonge vile ndivyo vinavyozuia kansa isirudi. Aliona achague kati ya uhai na ndoa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba halazimiki kuchagua.

Kwa sababu dawa zipo. Mwaka 2015 daktari wa Marekani, Martha Goetsch, na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 46 waliopona saratani ya matiti na kupata maumivu kama haya. Walitumia lidokeini ya maji ya asilimia 4, ndugu ya ile ganzi ya daktari wa meno. Unalowesha pamba, unaiweka pale mlangoni mwa uke, si ndani, kwa dakika tatu kabla ya tendo. Kati ya 41 waliofika hatua ya mwisho, 37 walisema tendo halikuwa na shida. Hakuna mume aliyelalamika kufa ganzi. Lidokeini! Kitu kinachotumika kila siku hospitali zetu kushonea vidonda.

Kuna vilainishi vya maji pia, ambavyo haviharibu kondomu jinsi Vaseline na mafuta yanavyofanya. Kuna mazoezi ya misuli ya nyonga. Kuna hata krimu ya estrojeni kidogo, ambayo chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilisema mwaka 2016 inaweza kufikiriwa pale mengine yote yameshindwa, mgonjwa akishauriana na daktari wake wa saratani. Kushauriana. Huwezi kushauriana na mtu aliyekuambia ushukuru Mungu.

Halafu kuna wale wa "si utamaduni wetu kuongea hayo." Tafadhali. Agosti ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili tunapumzika, lakini ukigawanyika, Bungoma nzima iko barabarani ikiimba sioyaye, wazee kwa watoto, na kila mtu anajua maneno yaliyomo. Uume tunauimba mchana kweupe. Uke unaouma ndio ghafla ni aibu?

Nilimwandikia senge kwa karatasi: lidokeini, maji, asilimia 4, muulize daktari. Akaikunja mara nne, akaisukuma ndani ya sidiria, upande usio na titi. Vidonge amerudia. Kliniki yake ni Jumanne, na nimemwambia tutaingia wote wawili. Huyo wa kucheka acheke nikiwa hapo.