Guangzhou: Je, mwanasaikolojia wa siku mbili kwa wiki anatosha shuleni?

Serikali ya China inataka kila shule iwe na mtu wa kushughulikia afya ya akili ya wanafunzi. Lakini katika hesabu yake huingizwa pia yule anayeifanya kazi hiyo kwa saa chache tu. Swali linaloulizwa Guangzhou ndilo linalowakabili wazazi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Mwezi Aprili mwaka 2023, taasisi 17 za dola ya China zikiongozwa na Wizara ya Elimu zilitangaza mpango maalumu wa kuimarisha afya ya akili ya wanafunzi. Mpango huo uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2025 asilimia 95 ya shule ziwe na mwalimu wa afya ya akili, awe wa kudumu au wa muda.

Maneno hayo ya mwisho ni machache, lakini uzito wake ni mkubwa. Miaka miwili kabla, katika waraka wa Julai 2021, Wizara hiyo hiyo ilikuwa imeagiza kila shule ya msingi na ya sekondari iwe na angalau mwalimu mmoja wa kudumu wa kazi hiyo. Katika lengo la mwaka 2023, yule wa muda naye akahesabiwa. Shule yenye mtaalamu wa kila siku na shule yenye mtu wa alasiri mbili kwa wiki zote huandikwa kuwa zimetimiza wajibu.

Si vigumu kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo. Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong, ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 18 katika sensa ya mwaka 2020, na wengi wao ni wahamiaji. Walimu waliosomea saikolojia hawapatikani kwa siku moja, na shule za binafsi za ada ndogo, ambazo watoto wengi wa wahamiaji husoma, hazina fedha za kuwalipa. Kwa shule hizo uamuzi uliopo mara nyingi ni kati ya mshauri wa muda na kutokuwa na mshauri kabisa.

Watu wawili, jina moja

Hata hivyo, neno "wa muda" linaficha watu wawili walio tofauti sana.

Wa kwanza ni mwalimu wa kawaida aliyeongezewa jukumu. Asubuhi anafundisha maadili au lugha, au ndiye msimamizi wa darasa, na jioni anafungua chumba cha ushauri nasaha. Wa pili ni mtaalamu kutoka nje, anayefika shuleni siku moja au mbili kwa wiki na kisha kwenda kwenye shule nyingine au kurudi kwenye kituo chake.

Guangdong imejaribu kuweka utaratibu. Jimbo hilo limekuwa na vyeti vya ngazi tatu kwa kazi hii: A kwa walimu wa kudumu, B kwa wa muda, na C kwa wasimamizi wa madarasa na walimu wengine. Chuo Kikuu cha Ualimu cha Kusini mwa China, kilichoko Guangzhou, ni miongoni mwa vyuo vinavyoheshimiwa nchini humo katika somo la saikolojia. Kwa hiyo mji huu hauna upungufu mkubwa wa elimu ukilinganishwa na miji mingi.

Lakini cheti hakiondoi tatizo la kwanza, nalo ni uaminifu. Mwanafunzi anayeogopa mtihani hawezi kwa urahisi kumfungulia moyo mtu atakayeusahihisha mtihani huo. Anayepigwa nyumbani hatamweleza mwalimu ambaye kesho atakutana na baba yake katika kikao cha wazazi. Mwalimu aliyeongezewa jukumu anaweza kuwa mtu mwema na mwenye busara, lakini kwa mtoto yeye bado ni mkono wa shule. Mtaalamu wa kutoka nje ana heri hiyo moja: hatoi alama wala adhabu.

Naye ana upungufu wake. Majonzi ya mtoto hayasubiri Jumatano. Na mtu anayepita tu hajui ni nani aliyeacha kula na wenzake, wala nani amehama kiti tangu wiki iliyopita. Hayo huonekana na mwalimu wa darasa, na mtaalamu huyajua tu endapo mwalimu huyo atamwambia.

Hesabu ya saa

Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 1,500 na mshauri anayefika siku mbili kwa wiki. Akiwaona wanafunzi sita kila siku, hayo ni mazungumzo 12 kwa wiki, na kwa wiki 40 za masomo ni 480. Ikiwa kila mwanafunzi anahitaji kuonwa mara nne, atakuwa amewahudumia wanafunzi 120 kwa mwaka mzima, bila kupata nafasi ya kuzungumza na mwalimu au mzazi hata mmoja.

Sasa tulinganishe na mahitaji. Taasisi ya Saikolojia ya Chuo cha Sayansi cha China ilieleza katika ripoti yake kwamba mwaka 2020 asilimia 24.6 ya vijana waliopimwa walikuwa na dalili za sonona, na asilimia 7.4 walikuwa na dalili kali. Dalili katika dodoso si sawa na ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Hata hivyo, kwa shule ya mfano wetu, asilimia 24.6 ni watoto wapatao 370.

Upimaji nao umeongeza mzigo. Septemba 2020 mamlaka ya afya ya China iliagiza upimaji wa sonona uingizwe katika uchunguzi wa afya wa wanafunzi wa sekondari ya juu na vyuo. Ni hatua njema. Lakini kumpima mtoto, kumwona ana dalili, kisha kumweka katika orodha isiyo na mtu wa kuifuatilia, ni kumwahidi msaada usiokuwapo.

Mlango wa hospitali

Sheria ya Afya ya Akili ya China, iliyoanza kutumika Mei 2013, inazitaka shule ziwe na walimu wa afya ya akili. Sheria hiyo hiyo inawakataza washauri nasaha kutambua au kutibu maradhi ya akili, na inawataka wamshauri mtu anayeonekana kuwa mgonjwa aende hospitali.

Hapo ndipo ilipo nafasi halisi ya mshauri wa muda. Yeye si daktari. Kazi yake ni kutambua mapema, kusikiliza, kumtuliza mzazi na kumfikisha mtoto anapostahili kufika. Saa zake chache zinaweza kufanya kazi kubwa ikiwa nyuma yake kuna hospitali inayompokea mgonjwa, na mbele yake kuna walimu wanaojua nini cha kumwambia.

Katika hilo Guangzhou ina bahati. Mwaka 1898 daktari mmisionari Mmarekani, John Kerr, alifungua huko hospitali ya kwanza ya magonjwa ya akili nchini China. Hospitali hiyo ipo hadi leo, ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Guangzhou. Tangu mwaka 2025 China ina pia nambari moja ya simu ya msaada wa kisaikolojia kwa nchi nzima, 12356. Mambo kama haya ndiyo yanayoamua iwapo mshauri wa siku mbili ni kiungo cha mnyororo au ni pambo la ofisi.

Watoto wa wageni

Kwa Waafrika wa Guangzhou swali hili lina upande mwingine. Mwaka 2014 maofisa wa mji walisema kulikuwa na Waafrika wapatao 16,000, na kati yao 4,000 walikuwa wakazi. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaijua vyema mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli.

Wengi huwaacha watoto nyumbani kwa babu na bibi. Wanaowaleta huwa na njia mbili: shule za kimataifa zenye ada kubwa, au shule za Kichina. Katika hizo za pili mshauri, akiwapo, huzungumza Kichina. Mtoto anayeweza kujibu maswali ya hesabu kwa lugha hiyo huenda asiweze kueleza kwayo hofu ya usiku. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Waafrika wengi mjini humo walitolewa katika nyumba na hoteli walimoishi, na mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua kulalamika. Kwa mtoto wa familia iliyopitia hayo, mtu wa kumsikiliza shuleni si anasa.

Somo kwa Afrika Mashariki

Nyumbani hali haiko mbali sana. Baada ya wavulana 67 kuteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, mwezi Machi 2001, tume iliyochunguza migomo na vurugu shuleni Kenya ilitaka huduma za ushauri ziimarishwe. Mwaka huo huo adhabu ya viboko ikapigwa marufuku. Lakini kwa kawaida mwalimu mshauri wa Kenya bado hubeba vipindi vyake vya masomo. Uganda ina mwalimu mwandamizi wa kike na wa kiume, na Tanzania ina walimu wa malezi na unasihi. Kwa sehemu kubwa, wote hawa ni watu wa aina ile ya kwanza: mwalimu aliyeongezewa jukumu.

Kusema mshauri wa muda hafai kitu si haki, kwa kuwa shule nyingi za kanda yetu hazitampata wa kudumu hivi karibuni. Lakini mzazi, awe Guangzhou au Mombasa, asiridhike kuambiwa kwamba shule ina mshauri. Na aulize: anafika siku gani, na siku nyingine mtoto amwendee nani? Je, ndiye pia mwalimu wa nidhamu? Anayoambiwa na mtoto yanabaki kwake, na ni hatari gani itakayomlazimu kusema? Na mtoto akizidiwa, atapelekwa hospitali ipi?

Shule yenye majibu ya maswali hayo inaweza kumsaidia mtoto hata kwa siku mbili kwa wiki. Isiyo nayo haitamsaidia hata ikiwa na mshauri wa siku tano.