Mtoto akihama, ruzuku haimfuati yenyewe

Kila Januari, shule zinapofunguliwa, watoto wengi nchini hubadilisha makazi. Wapo wanaotoka kwa bibi kijijini kwenda kwa mama Dar es Salaam, na wapo wanaorudishwa kijijini kwa sababu mama hana wa kumwachia mtoto anapokwenda kazini. Wengine hubaki nyumbani lakini wanahama shule, wakitoka msingi kuingia sekondari. Kwa familia hayo ni mambo ya kawaida. Kwa kaya inayopokea ruzuku ya TASAF, kila badiliko la namna hiyo linagusa fedha, na lisipoandikwa mapema kaya inaweza kupoteza haki yake.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini iko hivyo, nchi nyingine zimepita wapi, na wewe msikilizaji ufanye nini.

Tuanze na Segerea, iliyoko wilaya ya Ilala, kwenye barabara ya kutoka Tabata kwenda Kinyerezi. Mama anayeishi huko na kufanya biashara ndogo Kariakoo au Buguruni hutoka nyumbani alfajiri. Mtoto ambaye hajafikia umri wa shule ataachwa kwa jirani, kwa dada wa kazi, au kwenye kituo cha kulelea watoto mchana. Kote huko kuna malipo. Shule ya serikali, kuanzia awali hadi kidato cha nne, haina ada tangu Januari 2016. Mtoto wa miaka miwili hayumo katika utaratibu huo.

Je, serikali humpunguzia mama huyo kodi kwa sababu ya gharama ya malezi? Hapana. Kwa viwango vya kodi ya mishahara vilivyoanza Julai 2021, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi. Kuanzia hapo hadi 520,000, kinachozidi hutozwa asilimia 8. Kwa hiyo mfanyakazi ambaye kipato chake kinachotozwa kodi ni 400,000 hulipa 10,400, awe na watoto watano au asiwe na hata mmoja. Mfanyabiashara mdogo asiye na mshahara hayumo kabisa katika hesabu hiyo.

Ndiyo maana wengi hutumia nafuu ya zamani, yaani bibi. Mtoto anapelekwa kijijini, na mama anatuma fedha kwa simu. Akifika umri wa kwenda shule, huenda akachukuliwa tena.

Hapo ndipo TASAF inapoingia. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa Agosti 2012, na awamu yake ya pili Februari 2020. Fedha hutolewa kwa kaya, lakini kiasi hutegemea nani yumo ndani ya kaya hiyo na watoto wanafanya nini. Mtoto mdogo anatakiwa kupelekwa kliniki. Mtoto wa shule anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Mahudhurio hukusanywa kwenye shule na kituo cha afya kilichoandikwa katika kumbukumbu za kaya.

Tuchukue mfano kwa viwango vya awamu ya kwanza. Viwango vimebadilishwa baadaye, lakini hesabu yake ni rahisi kufuata. Kaya ilipata shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi, na 4,000 kama ina mtoto wa chini ya miaka 18. Mtoto wa shule ya msingi aliongeza 2,000, na wa kidato cha kwanza hadi cha nne aliongeza 4,000. Bibi mwenye mjukuu mmoja wa shule ya msingi alistahili 16,000 kwa mwezi. Mjukuu akiingia kidato cha kwanza, alistahili 18,000.

Sasa tuseme hakuna aliyetoa taarifa. Kumbukumbu zinaonyesha mtoto bado yuko shule ya msingi. Mwalimu wa pale anatafuta jina, mtoto hayupo darasani. Bibi hapati nyongeza ya sekondari, na hata ile 2,000 ya zamani iko hatarini, kwa sababu kwenye karatasi mjukuu anaonekana mtoro. Mtoto anasoma kila siku, lakini kaya inaadhibiwa kwa kutosoma.

Kosa hili si la Tanzania peke yake. Uingereza ilikuwa na nafuu ya kodi kwa familia zenye watoto, iliyoanza Aprili 2003 na kufungwa Aprili 2025. Mzazi aliyefanya kazi aliweza kurudishiwa sehemu ya gharama ya malezi. Katika miaka ya mwisho sehemu hiyo ilikuwa hadi asilimia 70, isiyozidi paundi 122.50 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Gharama zikipanda au kushuka kwa paundi 10 kwa wiki, kwa wiki nne mfululizo, mzazi alitakiwa kutoa taarifa ndani ya mwezi mmoja. Asiposema gharama zilipopanda, alikosa nyongeza. Asiposema ziliposhuka, alidaiwa. Katika mwaka wa kwanza tu, karibu familia milioni 2 zililipwa zaidi ya stahili yao, na nyingi zikatakiwa kurudisha fedha zilizokwisha kutumika kwa chakula na pango.

Uholanzi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Maofisa wa kodi waliwadai wazazi maelfu ya euro za ruzuku ya malezi kwa dosari ndogo, kama sahihi iliyokosekana kwenye fomu. Zaidi ya familia 20,000 ziliitwa wadanganyifu kimakosa, nyingi zikiwa za wenye asili ya nje. Serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu hiyo tarehe 15 Januari 2021.

Tunachojifunza ni kwamba ruzuku inayofuata hali ya familia huishi kwa taarifa. Taarifa ikichelewa, anayeumia kwanza ni mwenye kipato kidogo, hata kama hakudanganya.

Kijijini kuna nafuu moja: watu wanajuana. Mjumbe wa kamati ya usimamizi ya jamii anajua nani amejifungua na nani amehama. Katika mtaa wa wapangaji kama Segerea, jirani wa leo mwezi ujao yuko Gongo la Mboto. Mtoto anayekwenda mjini anatoka mahali anapojulikana na kuingia mahali asipojulikana. Mzigo wa kusema unabaki kwa bibi, ambaye mara nyingi hajaambiwa kwamba anatakiwa kusema.

Kwa hiyo, msikilizaji, zingatia haya.

Toa taarifa mara badiliko linapotokea, usingoje siku ya malipo. Mabadiliko ya kusema ni mtoto kuzaliwa, kufariki kwa mwanakaya, mtoto kuhama shule au kliniki, mtu kuhamia au kuondoka, na mpokeaji wa fedha au namba yake ya simu kubadilika.

Nenda kwa kamati ya usimamizi ya jamii, au kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Beba ushahidi ulio nao: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho wa shule. Hakikisha umeona jina likiandikwa, na uandike tarehe na jina la aliyekupokea. Kusema kwa mdomo njiani hakutoshi.

Ruzuku ikipungua, uliza sababu. Usiporidhika, nenda kwa mratibu wa TASAF katika halmashauri yako. Ukidaiwa fedha ili taarifa yako iandikwe, hiyo ni rushwa. Piga TAKUKURU namba 113 bila malipo.

Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na wapo wanaoficha kwa kuogopa kukatwa. Lakini serikali nayo ina wajibu. Ikitaka bibi aseme kila badiliko, basi kabla ya kumkata imwambie kwa nini, na impe nafasi ya kueleza. Bibi ambaye mjukuu wake yuko darasani kila siku hastahili kugundua siku ya malipo kwamba ameandikiwa utoro.