Gary McKinnon Ameponea. Wewe Nani Atakupigia Kelele?

Jumanne, tarehe 16 Oktoba 2012, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza wakati huo, Theresa May, alisimama bungeni akasema Gary McKinnon hapelekwi Marekani. Miaka kumi jamaa alikuwa akiamka kila asubuhi bila kujua kama leo ndio atabebwa mpaka erpoti. Wasee mtandaoni wamefurahi ati haki imeshinda. Mimi pia nimefurahia Gary, lakini hapo kwa haki imeshinda, hebu ngoja kidogo.

Kama risto yake hujawahi kuipata, ni hivi. Gary ni msee wa Glasgow, wakati huo alikuwa na miaka 46. Kati ya Februari 2001 na Machi 2002 alikuwa London, kwa nyumba ya auntie ya dame wake. Job hana. Usiku anawasha kompyuta, intaneti ni ile ya kupitia laini ya simu, inatambaa kama Thika Road kabla Wachina waishike. Jina lake la mtandaoni lilikuwa Solo. Alikuwa anasaka nini? UFO. Aliamini serikali ya Marekani inaficha ushahidi wa viumbe kutoka sayari zingine na teknolojia ya nishati ya bure. Anadai alipata picha ya kitu kama sigara kubwa kinaelea angani, lakini laini ikakatika kabla picha ifunguke yote. Yaani hata yeye alisumbuliwa na intaneti!

Cheka ukimaliza, kwa sababu hapa ndio inaanza kuwa noma. Marekani inasema aliingia kompyuta 97: 53 za jeshi la nchi kavu, 26 za jeshi la maji, 16 za NASA, moja ya jeshi la anga na moja ya wizara ya ulinzi. Inasema alifuta akaunti kama 1,300, na mtandao wa jeshi pale Washington wenye kompyuta zaidi ya 2,000 ukazima masaa 24. Tena kwa kambi ya silaha ya Earle, New Jersey, kompyuta zaidi ya 300 zilikataa kufanya kazi muda mfupi tu baada ya Septemba 11. Hasara wanayodai ni zaidi ya dola 700,000, kwa pesa yetu mwaka 2012 kama milioni 60. Gary anakubali aliingia. Kuharibu, anakataa.

Sasa swali ambalo kila mtu anafaa kuuliza: mtu anatoka kitanda anaingiaje jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani? Jibu litakuudhi. Kompyuta mob hazikuwa na paswadi. Si ati paswadi ilikuwa rahisi, ilikuwa tupu. Gary aliandika programu ndogo ya kuzunguka ikibisha milango, na ile iliyokuwa wazi akaingia.

Mimi niliacha college mwaka wa pili, lakini kitu kama hiki nilikiona hosteli. Beshte yangu wa IT aligundua paswadi ya mtambo wa chuo ni neno "admin". Akaenda kuwaambia kwa heshima zote, akidhani watamshukuru. Waliomwachia mlango wazi ndio walimpigia makelele mpaka akajuta. Mkubwa akiaibika, adhabu haipimwi kwa ulichoharibu, inapimwa kwa vile umemvua nguo mbele ya watu. Ndio maana nikisoma kesi ya Gary simwoni mzungu wa mbali. Naona yule beshte.

Cheki hesabu yenyewe. Kwa sheria ya Uingereza ya 1990, shtaka zito kabisa la aina hii wakati ule lilikuwa na kilele cha miaka mitano. Marekani, wanaomtetea wanasema angeweza kula hadi miaka 60. Halafu kulikuwa na dili, na hii iko kwa hukumu ya mahakama yao: kuja mwenyewe na ukubali makosa, utapata kama miaka mitatu au minne na mingi utaimalizia kwenu. Ukikataa, jipange kwa minane, kumi ama zaidi. Kosa ni lile lile, vitendo ni vile vile. Kinachobadilika ni kama umesumbua ama hujasumbua. Gary akakataa.

Akaenda kortini, na hapa ndio nataka usome polepole. Mwaka 2006 hakimu alisema aende, na waziri wa wakati huo akasaini. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikasema aende. Julai 2008 majaji wa juu kabisa, wale wa House of Lords, wakasema aende. Mwezi uliofuata mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu ikakataa kuzuia. 2009 Mahakama Kuu tena, tena akaanguka. Chini ya sheria yao ya 2003, Marekani ikitaka mtu haihitajiki hata kuleta ushahidi kwa hakimu wa Uingereza kuonyesha kesi ina miguu. Kwa hivyo usiniambie sheria ndio ilimwokoa. Sheria ilimwambia apange bag.

Aliyemwokoa kwanza ni mathe yake, Janis Sharp. Huyo mama hakulala. Aliandika barua, akaingia runinga, akashika wanasiasa koti. Agosti 2008 madaktari walipata Gary ana hali ya Asperger, aina ya usonji, na baadaye wakaonya kwamba akipelekwa huko kuna hatari kubwa ajitoe uhai. Gazeti la Daily Mail likamfanyia kampeni. David Gilmour wa Pink Floyd akarekodi wimbo wa kumsaidia. David Cameron na Nick Clegg wakiwa upinzani walimtetea, halafu wakaingia serikali, na watu wakawakumbusha walichosema. Kelele ya miaka minne ndio ilifikisha hiyo faili kwa meza ya May ikiwa moto.

Sasa nikurudishe nyuma siku kumi na moja tu. Ijumaa tarehe 5 Oktoba, ndege mbili ziliondoka Uingereza zikielekea Marekani na watu watano. Mmoja wao ni Talha Ahsan, kijana wa London. Yeye pia ana Asperger. Alishikwa 2006 na akakaa ndani zaidi ya miaka sita bila kesi kusikizwa. Alishtakiwa kusaidia ugaidi kupitia saiti iliyoendeshwa London, na kilichomvuta Marekani ni kwamba seva moja ya hiyo saiti ilikuwa Connecticut. Mwingine kwa safari hiyo ni Babar Ahmad, kesi ilikuwa ya saiti hiyo hiyo. Watu zaidi ya 140,000 walitia sahihi ati ashtakiwe nyumbani Uingereza. Hakuna kitu.

Waziri mmoja, mwezi mmoja, hali moja ya kiafya. Huyu anabaki, yule anaenda. May alisema kilichoamua ni ripoti za madaktari kuhusu Gary kujiua, na ni kweli mashtaka hayafanani, ugaidi si kusaka UFO. Sawa. Lakini pia tusijifanye hatuoni: mmoja anaitwa Gary, wengine wanaitwa Talha na Babar. Kelele pia iko na rangi na jina. Kuna kelele ya kuskizwa na kuna kelele ya kupuuzwa.

Kabla useme kupeleka watu nchi zingine ni mbaya tu, safari hiyo ilikuwa pia na Khaled al-Fawwaz na Adel Abdel Bary. Hao walishtakiwa kuhusika na bomu la 1998, lile la hapa Nairobi na Dar. Hapa kwetu watu 213 walikufa. Ukipita ile bustani ya kumbukumbu kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, majina yako ukutani. Familia zilingoja miaka 14 zione hao wawili wakipelekwa kizimbani. Hao wawili walizungushana na korti za Uingereza zaidi ya muongo, na sidhani kuna Mkenya alilia walipoabiri. Kwa hivyo shida si mtu kupelekwa. Shida ni nani anaamua, na kwa kipimo gani.

Na sisi kipimo chetu je? Baada ya mabomu ya Kampala, Julai 2010, Wakenya kadhaa walishikwa hapa wakavushwa mpaka Uganda bila korti ya Kenya kuskiza kama wanafaa kuenda. Hakuna miaka kumi ya rufaa. Watu walijua ndugu yao ameenda akiwa ashaenda. Mwanaharakati Al-Amin Kimathi alienda Kampala kufuatilia hizo kesi, wakamfungia yeye mwenyewe mwaka mzima, halafu wakamwachilia. Linganisha hiyo na Gary, aliyekuwa akienda kortini na mathe yake halafu wanarudi nyumbani jioni.

Ndio maana nakuandikia wewe, uliye na lapi na bando ya usiku huko Rongai ama Umoja. Mwaka 2012, kwa sheria yetu ya mawasiliano, kuingia kompyuta ya mtu bila ruhusa ilikuwa faini isiyozidi laki mbili ama jela isiyozidi miaka miwili. Wengi mlijua hivyo na mkaona ni risk ndogo. Lakini sheria inayokungoja inaweza kuwa ile ya mahali seva iko, na hiyo wewe hujasoma. Unabonyeza ukiwa Umoja, kesi inafunguliwa Virginia. Ukifika hapo hautakuwa na Pink Floyd. Utakuwa na mathe yako, na labda wakili wa kuazima.

Na serikali yetu pia isikae ikicheka. Januari 2012 mdukuzi mmoja wa Indonesia alichafua saiti 103 za serikali ya Kenya. 103! Tukimpata tumfanye nini, ni sawa, tubonge. Lakini tuanze na wale waliolipwa kufunga mlango wakaenda lunch. Kwa kesi ya Gary, miaka kumi imeenda kwa kumfuata aliyeingia. Sijaona mkubwa hata mmoja akipandishwa kizimbani kujibu kwa nini jeshi lilikuwa na kompyuta bila paswadi.

Oktoba 2012 Gary alikuwa bado anangoja waendesha mashtaka wa Uingereza waamue kama atashtakiwa huko kwao. Kama wangeamua ndio, angeenda akajibu, aliingia mahali si pake na yeye mwenyewe alisema. Angejibia nyumbani, kwa sheria aliyoishi chini yake, hapo ndio mimi ningesema haki imejaribu. Hicho ndicho alikuwa akiomba tangu mwanzo, na hicho ndicho Talha na Babar waliomba wakanyimwa.