Kitengela ni ya nani? Tuanze na mkutano wa wazazi

Kila tukiulizia mwalimu wa IRE, ama tukiomba wasichana wetu waachwe na hijabu zao shuleni, jibu ni lile lile: nyinyi ni wachache, tena wageni. Haya, tuhesabu.

Sensa ya 2009 ilipata Kajiado ina watu 687,312. Ya 2019 ikapata 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake, 154,436. Hao wote hawakuzaliwa hapa! Ranchi ya pamoja ya Wamasai iligawanywa miaka ya 1980, kisha EPZ ikafunguliwa hapo Athi River, na watu wakamiminika kutafuta kazi na ploti: Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wasomali. Wa kumwita mwenzake mgeni hapa labda ni Mmasai, na wapo Wamasai tunaoswali nao safu moja.

Kwa hivyo hilo la ugeni tuliweke kando. Shida yetu kubwa ni mfuko, na hii hatupendi kuisema. Muislamu mwenye duka ama nyumba za kupangisha humpeleka mtoto shule ya kulipia yenye madrasa ndani. Sawa, ni haki yake. Anayebaki shule ya serikali ni mtoto wa mama anayeshona nguo EPZ, wa baba wa mjengo, wa boda. Mkutano wa wazazi unaitwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Mama akikosa shifti, anakatwa pesa. Basi haendi. Na yule mwenye gari na wakati, mtoto wake hayuko pale. Kiti kinabaki kitupu, halafu tunashangaa mbona hatusikizwi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa bodi ya shule watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi. Mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi huwa ni kanisa, ana watatu. Sita kwa watatu! Na sheria hiyo hiyo inamtaka mfadhili alinde imani za wengine anapolea wanafunzi kiroho. Kifungu cha 32 cha Katiba nacho kiko wazi kuhusu uhuru wa dini. Lakini karatasi haiingii mkutanoni na kuinua mkono.

Wewe uliyemaliza fomu foo na una ndugu mdogo shule ya serikali, ulizia tarehe ya mkutano wiki hii. Mwandikieni mwalimu mkuu, muombe uwe Jumapili alasiri, wakati wa EPZ wengi wako nyumbani na watu wametoka kanisani. Jirani yako Mkristo anayeshona mashine moja na mama yako atatia sahihi pia, kwa sababu naye hukatwa pesa vile vile. Barua ikishapokewa, tutumieni nakula inboksi tuanze kutafuta mzazi wa kugombea.